Chungu Kilichorudi

Peiru aliingia jikoni na kiganja cha mnanaa, amchemshie bintiye maji ya kikohozi, akakikuta chungu chake cha dawa kimekaa juu ya jiko. Kimeoshwa, kimekaushwa, mfuniko wake wenye ufa umewekwa vizuri. Mnanaa ukamdondoka.

Chungu kile alikuwa amemwazima wifi yake Chunlian tangu masika, Haobin, mtoto wa huyo wifi, alipoanza kuongea kwa sauti ya mzee na kukwaruza ukuta kwa kucha. Na kijijini pale chungu cha dawa hakirudishwi. Mwenyewe akikihitaji, hukifuata. Ukimpelekea mtu chungu chake umempelekea na ugonjwa uliochemshiwa humo, jambo ambalo hata walevi wa sokoni wanalijua.

Moto haukuwa umewashwa. Lakini jikoni kulinuka mizizi iliyoungua, na mfuniko ukaanza kugonga taratibu. Tok, tok, tok.

Chumbani bintiye Yating akakohoa. Miaka sita, na kile kilikuwa kikohozi cha mwanamume aliyevuta tumbaku maisha yake yote.

"Mama," akasema kwa sauti ile nzito, "funga mlango. Nimeshaingia."

Peiru alimpigia Chunlian simu.

"Wifi, Haobin hajambo?"

"Hajambo. Leo kala mabakuli mawili. Mara ya kwanza tangu masika."

"Umenirudishia chungu."

"Mimi sijakanyaga kwako, wifi." Sauti ikashuka. "Nililia tu mbele ya kaka. Sikumtuma."

Kaka ni Zhihong, mumewe Peiru. Alikuwa nyuma ya nyumba akichonga fito za mianzi, na alipomsikia mkewe akija hakuinua kichwa, na hapo Peiru akajua.

"Ni wewe."

"Haobin ni mtoto wa pekee wa dada yangu. Angekufa, Peiru."

"Na huyu wako?"

"Yating ana nguvu," akasema Zhihong polepole. "Nilidhani atastahimili."

Alidhani. Yaani baba mtu alikaa, akawapima watoto wawili, akamchagua wa dada yake, kisha akaja kula wali mezani na kumfuta bintiye kamasi. Miaka tisa Peiru amelala ubavuni mwa mtu huyu, na siku hiyo alimwona mgeni.

Alimvuta kwa shati hadi chumbani, na huko Yating alikuwa amesimama ameelekea ukuta, anakwaruza chokaa kwa kucha zinazotoka damu, na kila akikwaruza mfuniko unajibu kule jikoni, tok, na harufu ya mizizi inazidi mpaka macho yanawatoka machozi, na yule mtoto akageuza shingo taratibu akamtazama baba yake akatabasamu kama mtu anayemshukuru mwenyeji wake.

"Aliyekiingiza ndiye anayeweza kukitoa," Peiru alinong'ona. "Kitoe."

"Hakikai nje, unajua. Lazima kipate jiko."

"Kitoe tu."

Hakumuuliza atakipeleka jiko gani. Zhihong alikifunga chungu kwa koti lake, akatoka nacho kwenye mvua iliyokuwa imeanza kunyesha.

Haikupita saa moja harufu ikaisha. Yating akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe, akalala kifuani mwa mama yake, na Peiru akalia kwa uchovu. Alianza hata kufikiria kumsamehe yule mwanamume.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake mzazi, anayeishi peke yake ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, huyu mume wako ni mtoto wangu kabisa. Katembea na mvua yote hii kuniletea chungu cha dawa. Kipya, anasema, ila mfuniko umepata ufa njiani."

Peiru alimtazama Yating aliyelala kifuani mwake.

"Unanisikia?" Mama yake akakohoa, kikohozi kizito ambacho hakikuwa chake.

"Mama, umewasha moto?"

"Bado. Kwani vipi?"

Nyuma ya sauti ya mama yake, kitu kiligonga taratibu. Tok, tok, tok.