Kiti cha Marehemu Orwa

Kiti kilikuwa kimerudi. Kilisimama kando ya dirisha, mahali pale pale alipozoea kukaa marehemu Orwa, na miguu yake ilikuwa imegandwa na udongo mweusi usiopatikana kwao Turwa. Judith, mjane wake, alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akakumbuka kwamba juzi tu alishuhudia kiti hicho kikipakiwa garini kupelekwa Kenyamonta.

Samani zote za mumewe alikuwa amemkabidhi Rabson, mwenye kampuni ya kunadi mali za mirathi mtandaoni. Rabson huzipiga picha, watu hushindania bei kwenye simu zao, mshindi hupelekewa, naye mwenye mali hupewa fungu lake. Kabati lilikwenda likatulia. Kitanda vivyo hivyo. Kiti peke yake ndicho kilichokataa.

Hakumwambia mtu, na kimya hicho ndicho kilichomponza. Shaka ni moto wa pumba. Hutambaa chini kwa chini kabla moshi haujaonekana. Laurian, mwalimu wa Kenyamonta aliyekinunua, aliilalamikia kampuni kwamba kiti kimetoweka nyumbani kwake. Rabson akaja Turwa bila taarifa, akakikuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Hiki ni nini?"

"Kiti."

"Naona si kabichi, mama! Nauliza kimefikaje hapa."

"Sijui, mwanangu. Niliamka nikakikuta."

"Kilipanda bodaboda?" Rabson alicheka peke yake. "Wewe na yule mwalimu mmepatana. Yeye arudishiwe fedha, wewe ubaki na kiti. Nakwenda polisi, na picha yako naiweka mtandaoni, Tarime nzima imjue mama anayeuza na kuiba."

Judith aliketi sakafuni. Katika ujane wake hakubakiwa na kitu kilicho chake hasa isipokuwa jina jema. Alimsihi kwamba kabla ya polisi waketi mbele ya Heche, mzee wa kanisa aliyeumaliza ujana wake katika vyuo vya dini, ambaye majirani walizoea kumpelekea magomvi yao.

Walikutana alasiri chumbani humo humo. Laurian alisikika kwa simu iliyowekwa mezani.

"Mzee, tangu kifike, mbwa wangu hakukanyaga ndani," alisema. "Kilikuwa kinalia kama kinakaliwa. Asubuhi hakipo, na mlango bado umetiwa komeo kwa ndani."

"Komeo kwa ndani!" Rabson alidakia. "Mwalimu wa ngano huyu."

Ili kumwumbua, alitoa picha aliyoipiga siku ya kukikabidhi kiti. Heche alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani alikuwa amekikalia?"

"Hakuna mtu, mzee. Si unaona kitupu?"

"Naona kitupu. Mbona mto wake umebonyea?"

Mara walisikia mbao zikilia kando ya dirisha, polepole, kama mtu mzito anayebadili mkao ili asikie vizuri, kisha harufu ya ngozi mbichi iliyonyeshewa ikajaa chumbani, ikawafika kooni, nao wote watatu wakageuka wakauona mto wa kiti umedidimia vile vile ulivyodidimia pichani.

"Mama," Heche alinong'ona, "tangu tumzike Orwa, kiti hiki umekifanyia nini?"

"Kila jioni namwekea chai yake," Judith alilia. "Ya rangi, bila sukari. Namwambia, karibu, baba."

"Orwa hakuja, binti yangu. Wafu wana mahali pao. Lakini wapo wapitaji wasio na makao, majini yanayosikiliza milangoni mwa wenye majonzi. Ukisema karibu usimwone unayemkaribisha, yeyote huitika. Na mgeni wa namna hiyo hatolewi na mnada wala polisi. Anayemtoa ni yule aliyemkaribisha."

Rabson aliinuka, akakigusa kiti kwa ncha ya kiatu. Hofu aliifunika kwa dhihaka.

"Basi, mzee wangu, kama upo, karibu ofisini kwangu! Tutasuluhishana kule, kuna na feni."

"Chunga ulimi, kijana," Heche alimkemea. Kisha akamgeukia Judith. "Mtoe wewe, binti yangu."

Judith alikitwaa kikombe cha chai ya jana, akaimwaga kizingitini, akakifudikiza kikombe. "Kwaheri. Sikukuita wewe. Toka nyumbani kwangu." Heche akaomba kwa sauti. Na mto ukainuka taratibu, kama nyasi zinavyoinuka ng'ombe anapoondoka alipolala.

Rabson hakutaja tena wizi. Aliufuta mnada ule, akamwahidi Laurian fedha zake, akamwomba Judith radhi huku ameinamisha kichwa. Judith alifungua madirisha. Harufu ilikuwa imekwisha.

Jua lilikuwa bado halijazama Rabson alipofika ofisini. Vivian, karani wake, alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia.

"Bosi, mgeni wako yuko ndani. Anasema ulimkaribisha."

"Mgeni gani?"

"Mzee mmoja. Uso sikuuona, amekaa ameupa mlango mgongo. Nimemwekea chai ya rangi." Akakisogeza kibakuli cha sukari kando. "Sukari amekataa."

Nyuma ya mlango, kiti cha Rabson kililia.