Jeli Iliyopiga Bila Dawa

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nikiwa nyuma ya kioo cha mlango na dekio mkononi. Maprofesa wa jengo lile la maabara, kule Niigata, Japani, wana shahada za kujaza kabati. Mimi nina ndoo. Lakini aliyeona ni mimi.

Ilikuwa tarehe mosi Januari, asubuhi tulivu, theluji imefika madirishani. Jengo zima tupu. Kila mtu yuko kwao anatafuna mochi, zile keki za mchele, na wazazi wake. Ukiniacha mimi, alibaki mtafiti Hisae Shiokawa peke yake. Mamake alikuwa amefariki Oktoba, na kwa watu wale mwenye msiba hapongezwi mwaka mpya. Hata kadi moja hakupata.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza jeli inayojikunja na kujitanua yenyewe ndani ya dawa ya kemikali, bila betri wala waya. Rangi ya chungwa, kijani, chungwa, kijani. Siku moja ingesukuma maji kwenye vidole vya roboti laini, isiyo na mfupa. Tatizo, dawa ikichoka jeli inakufa, na haijawahi kuvuka muda wa saa mbili. Alikuwa ameahidiwa: ikipiga kama moyo siku tatu, mkataba wake unaendelea. Isipopiga, Machi anafungasha.

Saa nne akaitia kwenye bakuli la kioo. Saa sita ilipaswa kufa. Haikufa.

Saa tisa akaipima dawa: imebaki maji matupu. Jeli inapiga. Tena mbio, ilhali kawaida yake ni kujikunja mara moja kwa dakika kadhaa. Hisae akaweka vidole shingoni, akahesabu. Pigo kwa pigo, sawasawa na moyo wake.

Akacheka kidogo. Akamenya chenza, akaanza kuisimulia habari za mamake, alivyokuwa akimgombeza kwa kuosha mchele ovyo ovyo. Jeli ikatulia, mtu angesema inasikiliza.

Kisha akainuka kwenda msalani. Hatua tano, jeli ikalegea. Hatua saba, magoti yake yakalegea pia. Akashika ukuta. Midomo imekuwa ya bluu. Akarudi akitambaa.

Akampigia simu Profesa Nagamine, mkuu wake.

"Shiokawa, leo sikukuu bwana. Mbona unanong'ona?"

"Inapiga, Profesa. Dawa imekwisha na inapiga."

"Basi mkataba ni kama umeupata. Nenda nyumbani ukalale."

"Nikiondoka inasimama."

"Iache isimame."

"Na mimi je?"

Akaiweka simu chini. Akavuta kiti, akalaza shavu mezani, pua ikigusa bakuli. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyepata wa kukaa naye.

Tarehe nne watu wakarudi. Kiti kitupu. Koti lake limetundikwa. Viatu vyake vya nje vipo mlangoni. Theluji ya uani haina unyayo hata mmoja wa kutoka. Bakuli kavu kama kigae.

Jeli inapiga. Mara sabini na mbili kwa dakika.

Nikainama kuitazama. Ikaenda mbio, kama mtu aliyesikia hodi.

Nakiri, jambo moja nimelitunga. Maneno ya profesa ni yangu. Simu ile haikupokelewa. Iliita mpaka ikakatika, na Hisae akaendelea kuongea.