Mwendo Nyuma ya Lori

Aliyeniambia kwanza habari ya ile kelele ni Siwema, mke wa fundi Mrisho. Tulikuwa kwenye foleni ya maji hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka 1993. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua za siku nyingi, na kila uzio ulikuwa umeanikwa nguo za watoto. Atuganile wangu alikuwa na miezi minane, amelala mgongoni.

"Mama Atu," Siwema aliniita, akasogeza ndoo yake karibu na yangu. "Lile lori la baba yako mdogo lina nini?"

Nikamwambia sijui. Mimi si msemaji mbele za watu.

"Mume wangu analo siku ya nne leo. Jana nimempikia wali wa nazi, mtu wa Pangani yule, kauangalia tu. Namuuliza, ananiambia, 'Siwema, ile kelele haifuati magurudumu.' Basi. Kageukia ukutani."

Baba mdogo Andongwisye ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Kwa miaka kumi na sita alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa na kila mtu kuruhusiwa kununua na kuuza anavyotaka, magari yake yakauzwa. Baba mdogo akauza ng'ombe wake wote, akalichukua lile lori alilolizoea. Akawa anabeba ndizi za wafanyabiashara kutoka Lufingo hadi mjini. Watoto wake walisoma kwa lori hilo. Sasa wenye ndizi walikuwa wameanza kumkwepa, wakisema litawamwagia mzigo njiani.

Mchana nilimpelekea chakula gereji. Nilimkuta ameketi juu ya tairi, na miguu ya fundi Mrisho imechomoza chini ya lori.

"Mzee Ando, gari lako limeoa," Mrisho alisema akitambaa kutoka, ndevu zimejaa oili. "Kuna mwanamke humu hataki kunionyesha uso."

"Acha utani, fundi. Difu je?"

"Difu nimeifungua, meno mazima. Krosi zinazounga propela nimebadilisha zote. Beringi ya katikati mpya. Nimelinyanyua kwa jeki, nimelala chini na nondo sikioni nikisikiliza, gia zote. Kimya. Nikilipeleka barabara ya Lufingo, hiyo hapo."

"Basi ni giaboksi."

Mrisho alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Mzee, kelele ya injini hufuata injini. Kelele ya propela hufuata magurudumu. Ukikimbia, nayo inakimbia. Ukipunguza, inapungua. Hii nimekimbia nayo mpaka sitini, haikubadilika. Nimezima injini mteremkoni, haikubadilika." Akashusha sauti. "Ina mwendo wake yenyewe."

Alitaka kuisikiliza mara moja zaidi. Baba mdogo akaniambia nipande, atanishusha kwa mama mdogo, kwani nyumba yao iko njia hiyo hiyo. Nikamfungua Atuganile, nikampakata, nikakaa katikati. Mrisho akakaa mlangoni.

Kwenye lami hapakuwa na kitu. Tulipoingia barabara ya udongo, ikaanza.

Tup. Tup. Tup. Tup.

Ilitoka chini, kwa nyuma. Sauti ya chini, yenye majimaji. Mrisho akainua kidole. Baba mdogo akakanyaga mafuta, migomba ikaanza kutupita mbio pande zote mbili.

Tup. Tup. Tup.

Vile vile.

Kisha ikakatika. Nikasikia kama kitambaa kinavutwa. Kishindo kidogo. Halafu ikaendelea.

"Umesikia hapo?" Mrisho alisema. "Inakwenda, inapumzika, inakwenda. Krosi gani hupumzika?"

Mabega yangu yalijua kabla yangu. Asubuhi ile ile, nikitoka bombani, nilifanya hivyo hivyo. Unasimama. Unainama. Unamrusha mtoto juu kidogo kwa kiuno. Unavuta kitenge, unakaza fundo kifuani, unaendelea na safari.

"Baba," nikanong'ona.

"Sema, mama."

"Huyo ana mtoto mgongoni."

Baba mdogo akafunga breki. Lori likasimama. Nyuma yetu zikasikika hatua mbili zaidi.

Nazo zikasimama.

Hakuna aliyetazama kioo. Atuganile peke yake ndiye aliyekuwa anacheza, anapiga dashibodi kwa kiganja.

"Mwezi wa nne," baba mdogo alisema mwishowe. Alikuwa anasema na usukani. "Mvua kubwa. Nimepakia mikungu mia mbili, nipo kwenye kile kilima cha Lufingo. Pale ukisimama na mzigo, tope linakushika, huondoki tena. Na wenye ndizi wananisubiri mjini. Mwanamke mmoja akanyoosha mkono. Halafu akageuka, akanionyesha mgongo. Si kwa dharau. Alitaka nimwone mtoto."

"Ukapita," Mrisho alisema.

"Wakati wa ushirika nisingepita, fundi. Mungu anajua. Nilimwona kwenye kioo, anakimbia nyuma ya lori. Anakimbia, anasimama, anampandisha mtoto, anakimbia. Mpaka nilipokata kona. Kelele ilianza kesho yake."

"Hukuuliza kama alifika?"

"Niliogopa kuuliza."

Mrisho alitazama mikono yake iliyobadilisha krosi ambazo hazikuwa na kosa. "Basi twende tukaulize," alisema.

Tukaenda. Nyuma yetu zile hatua zikaja, taratibu.

Kilimani ukungu ulikuwa umeshuka ingawa ilikuwa saa tisa tu. Kwenye nyumba ya kwanza juu ya barabara alikuwapo bibi mmoja akimenya ndizi. Alijitambulisha kwa jina la Anyelwisye. Pembeni ya nyumba palikuwa na kaburi fupi, udongo wake bado mwekundu. Baba mdogo alipoliona aliketi chini, pale pale kwenye majani yenye maji, kama mtu aliyefika msibani. Akaeleza yote. Hakujitetea.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Ndaga, asante mwanangu, umekuja," alisema. "Ni Esnath, binti yangu. Mtoto alikuwa na homa. Alitembea mpaka hospitali. Kule wanamfungua mtoto mgongoni, wanaona amekwisha kitambo. Alimbeba njia yote, hajui. Akarudi naye, tukamzika. Hakulia hata kidogo. Akaketi. Tangu siku hiyo hajasimama. Miguu haina nguvu, namgeuza mimi."

Akainamia kisu chake.

"Lakini kila asubuhi miguu hiyo naiosha tope."

"Tope gani, bibi?" nilimuuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"La barabarani, mama. Mpaka kwenye magoti."

Esnath alikuwa ndani, ameegemea ukuta. Msichana wa rika langu. Hakututazama. Matiti yalikuwa yamelowanisha blauzi. Baba mdogo alimwambia polepole kwa Kinyakyusa kwamba lori limesimama, kwamba amekuja kumchukua, kama bado anakubali.

Esnath akavuta kitenge kilichokuwa pembeni. Akakipitisha nyuma. Akafunga fundo kifuani, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Bibi aliiosha miguu ya binti yake, akaifunga kwa khanga safi. "Mpelekeni," alisema. "Mimi nitabaki na yule," akatazama lile kaburi.

Mrisho alimbeba Esnath, akamweka kwenye kiti upande wa mlango, kisha yeye akapanda nyuma. Mimi nilikuwa katikati. Katikati ya kilima Esnath aliinua mkono.

Baba mdogo akasimama. Mimi nikanyoosha mkono mbele ya Esnath, nikaufungua mlango.

Ukungu ukaingia.

Tup. Tup. Zilikuja ubavuni mwa lori. Zikapita gurudumu la nyuma. Zikafika mlangoni. Zikasimama.

Nikasikia pumzi. Za mtu aliyekimbia sana.

"Karibu, dada," nikasema.

Lori likalala upande mmoja, kama linavyolala mtu anapokanyaga ngazi. Esnath alisogea kwangu. Alisogea kabisa, bega lake likagusa la kwangu, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Baridi ilikaa pale. Mlango ukajifunga.

Safari nzima lori halikutoa sauti yoyote zaidi ya injini yake. Hakuna aliyefurahi.

Hospitali Mrisho alimbeba Esnath mikononi mpaka ndani, akamketisha kwenye benchi mbele ya meza. Muuguzi akauliza, "Mgonjwa ni yupi?"

"Ni huyu," Esnath alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza. Akaonyesha mgongo. Kitenge kilikuwa kimetuna. Naapa kilikuwa kimetuna.

Akafungua fundo. Akakileta mbele kwa mikono miwili, akakilaza mezani, akakifunua upande mmoja, kisha wa pili. Kilikuwa kitupu na kimelowa.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Alitutazama sisi, akamtazama yeye, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa. "Pole, mwanangu," alisema. "Amekwisha."

Hapo Esnath akalia. Alilia kilio cha kwetu cha msibani, kile cha kumwita marehemu kwa jina, mpaka wagonjwa wakatoka wodini. Mtoto aliitwa Yohane. Alipomaliza aliweka mikono mezani, akasimama kwa miguu yake.

Hakutaka lori. Alirudi Lufingo kwa miguu, nasi tukamfuata kwa gia ya kwanza, taa zimewashwa, mwendo wake yeye. Hakusimama hata mara moja kuinama. Hakuwa na cha kupandisha mgongoni. Baba mdogo aliendesha huku machozi yanamtiririka. Nami nilijibana kwake, kwa sababu ile nafasi ya mlangoni bado ilikuwa na baridi.

Nililala kwa mama mdogo. Asubuhi baba mdogo aliniomba nioshe ndani ya lori kabla hajaenda kuwaona wenye ndizi. Nilimfunga Atuganile kifuani, siyo mgongoni. Nilitaka nimwone uso.

Kwenye ngazi ya lori palikuwa na alama ya unyayo wa tope. Mguu mtupu, unaingia. Ndani, mbele ya ile nafasi ya mlangoni, zilikuwapo nyayo mbili, vidole vimezama sana, kama za mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti asiegemee, asimbane mtoto. Nikatafuta za kushuka. Ngazini hapakuwa nazo. Chini hapakuwa nazo.

Esnath tulikuwa tumemwacha kwao jana yake, anatembea. Aliyebaki humu ni nani, sijui mpaka leo.

Sikumwita baba mdogo. Niliweka ndoo chini. Nikaufungua mlango mpaka mwisho, nikasimama kando, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo.

"Tumefika, dada," nikasema.

Nikangoja. Lori likainuka kidogo upande ule. Nilimkumbatia mwanangu, nikainamisha macho mpaka baridi iliponipita, ndipo nikachukua tambara nikaanza kuosha.