Wifi Yangu Alisoma Majibu ya Ini, Ndoa Yangu Ikafa

Nina miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja. Hadi mwaka jana nilikuwa mke wa mtu pale Mikumi, nikiuza chakula kando ya barabara kuu, wanapopaki madereva wa malori. Leo naishi kwa mama yangu, Zombo. Naandika haya kwa hasira, wasomaji wenzangu, na siombi radhi!

Tangu nimzae Neema ilipita miaka minane bila mimba nyingine. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akaniletea unga anaouza yeye mwenyewe, wa mizizi ya kusafisha kizazi. Nikoroge kwenye uji, asubuhi na jioni. Nikanywa miezi minne... Nikaanza kuchoka, kichefuchefu, macho yakawa ya manjano.

Akanisindikiza hospitali, Kilosa. Njiani akanionya, "Wifi, usimtajie daktari ule unga. Atakugombeza bure." Nikamsikiliza. Mjinga mimi!

Nikatolewa damu, wakapima ini. Karatasi ya majibu ilikuwa na namba, na pembeni ya namba mbili herufi H. Tuliambiwa tuipeleke kwa daktari. Lakini wifi, kwa kidato chake cha nne, akaisoma pale pale kwenye benchi, akampigia mume wangu.

"Kaka, hii H ni homa ya ini! Hao madereva wake wamempa."

Kwa daktari sikufika. Mume wangu aliamuru nirudi mara moja. Nilikuta nguo zangu kwenye mfuko wa salfeti, nje ya mlango. Neema alikuwa ameambiwa asiniguse. Mwanangu akarudi nyuma niliponyoosha mkono... Unayajua maumivu hayo? Miaka kumi na moja ya ndoa, na yule mwanaume hakuniuliza swali hata moja!

Mama ndiye aliyenirudisha hospitali na ile karatasi.

"H maana yake kiwango kimezidi," daktari akatuambia. "Ini likiumia, vimeng'enya vyake huvujia kwenye damu. Ila karatasi hii haisemi limeumizwa na nini. Wewe dada, unatumia dawa gani?"

Nikautaja ule unga. Akanipima na homa ya ini: sina! Akanikataza unga. Baada ya wiki kadhaa tukapima tena, namba zikawa zimeshuka, macho yameng'aa.

Nikampigia wifi. Alinijibu bila aibu, "Ungeutaja, wateja wangu wangekimbia." Kumbe alijua unga wake unaumiza! Na kaka yake? Tayari ana mwanamke mwingine, anapikia kwenye majiko yangu, na Neema wangu bado yuko huko.

Dada zangu, majibu ya damu si ya kusomewa na ndugu kwenye benchi! Yafikishe kwa daktari, umwambie kila unachokunywa, hata kama unaona haya. Nanyi waume, ulizeni kabla ya kufukuza.

Na wewe wifi, ukisoma hapa, mwaga huo unga. Hao unaowauzia nao wana watoto wanaowasubiri nyumbani!