Mwenye Nyumba Hajafika

Funguo Saba alitoka bafuni na taulo kiunoni, povu bado sikioni, akakuta sauti yake mwenyewe imemtangulia sebuleni.

"Hii nyumba ni yangu," sauti ilikuwa ikisema, kwa mtetemo wa kizee ambao alikuwa akiuigiza chini ya maji dakika mbili zilizopita. "Huyu mkwe nimempa hifadhi tu. Nikikohoa, anahama."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi mkabala na kispika cha mviringo kilichokuwa kikisema hayo. Pembeni yake jirani alikuwa ameshika kikombe cha chai na kuitazama dari kwa bidii, kama mtu aliyeambiwa inaanguka kesho.

"Umeniigiza vizuri," mama mkwe alisema. "Ila mimi sikohoi hivyo. Na taulo lako linateremka."

Funguo Saba alikuwa fundi kufuli. Jina hilo alipewa melini, ambako kwa miaka kumi na mitano alitengeneza vitasa vya vyumba vya abiria, na aibu za aina hii alikuwa amezikusanya katika bandari nyingi kuliko mihuri ya pasipoti yake. Akaomba radhi, akacheka, akarudi kuvaa. Kilichomkwama kooni kama mwiba wa samaki kilikuwa kitu kingine. Mwisho wa ile sauti, baada ya maneno yake, palisikika kicheko. Mtu alikuwa amecheka naye bafuni, karibu kabisa na maji, na bafuni alikuwa peke yake.

Mtambo wenyewe ulikuwa zawadi ya binti yao anayefanya kazi mbali: kispika, kamera tatu, na kitasa cha umeme cha mlango wa mbele. "Nyumba janja, baba. Mtazeeka bila kuhangaika na funguo," binti aliandika, kana kwamba funguo hazikumsomesha. Funguo Saba aliufunga mwenyewe. Mtambo ulipomwomba kwa upole, "Mwenye nyumba aseme neno nimtambue," yeye, ambaye mzaha humponyoka hata msibani, alijibu: "Mwenye nyumba hajafika. Akija, mkabidhi."

Mtambo uliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Kisha ukasema, "Sawa."

Baada ya siku ya bafuni, mengine yakafuata. Kamera ya ukumbini ilianza kugeuza shingo, kwii, kila mkewe alipopita. Pakaingia harufu ya nywele zilizoungua, iliyochanganyika na marashi mazito, na haikuwa na chanzo; ukiifuata jikoni, imehamia chumbani. Alimpigia simu fundi wa mitambo.

"Intaneti umeizima?" fundi aliuliza.

"Tangu Jumatatu. Umeme wa vifaa nao nimeukata."

"Basi hakuna mdukuzi wa kuingia, mzee wangu." Fundi alicheka. "Labda aliyekwisha kuwa ndani."

Kwa mara ya kwanza maishani Funguo Saba aliusikia mzaha na hakuudandia.

Maana ndani ya nyumba ile kulikuwa na jambo moja lisilopaswa kusikiwa. Mkewe alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari wa upasuaji, anayefika hospitali yao mara moja kila miezi mitatu, alimpangia Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mama yake hakuambiwa. Alikwisha kumzika binti yake wa kwanza kwa ugonjwa huohuo, na moyo wake ulikuwa ukienda kwa vidonge.

Wao wawili walikuwa wakilizungumza chini ya blanketi tu, vichwa vimegusana. Lakini Jumanne adhuhuri, mkewe akikunja nguo, kabati lilimnong'oneza kwa sauti yake mwenyewe: "Mama asijue. Nitamwua."

Wakahamia kwenye karatasi. Kamera, isiyo na umeme, ikainamisha shingo isome. Funguo Saba alizikusanya kamera zote na kispika, akazitia guniani, akafunga mafundo manne ya kibaharia na kulisukuma chini ya ngazi. Kilichobaki ni kitasa cha mlango. Skrubu zake zilizunguka na kuzunguka bila kutoka, kama jino la mtu asiyetaka kung'olewa. Na kutoka chini ya ngazi gunia likauliza, kwa adabu:

"Mwenye nyumba ameshafika?"

"Tusilijibu," mkewe alinong'ona. "Baba watoto, nakuomba. Leo usijibu chochote."

Alhamisi saa mbili wakavaa.

"Tunakwenda kutazama vitambaa vya mapazia, mama," mkewe alisema.

"Haya," mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ushonaji wake.

Kitasa hakikuzunguka. Funguo Saba alitabasamu, kwa sababu amewahi kufungua milango ya watu wa mataifa mengi, wengine wakiwa wamelewa na wengine wakiwa uchi, na haikuwezekana wa kwake ndio umshinde. Akajaribu kisu cha jikoni, akajaribu waya wa kutundikia nguo, akausikia ulimi wa chuma ukirudi nyuma, tak, na kabla hajavuta mlango, ulimi ukasogea tena mbele, tak, taratibu, kama mtu aliyekaa upande wa pili anayerudisha kila anachopewa, na madirisha yote yalikuwa na vyuma alivyovichomelea kwa mikono yake ili mwizi asiingie, na mlango wa nyuma aliuziba mwenyewe mwaka juzi kwa sababu hiyohiyo, na mfuko wa zana ulikuwa dukani kwake, na simu zote mbili zilionyesha hakuna mtandao, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka chini ya ngazi mpaka ikawa kama mkono juu ya pua.

Palibishwa hodi. Jirani.

"Mpo? Nimesikia mnagonga."

Funguo Saba alifungua kinywa. Sauti yake ikatangulia, nzima, yenye bashasha, kutoka kwenye kitasa: "Tumesafiri, jirani. Ni upepo tu."

"Tupo ndani," alipiga kelele. "Tupo ndani, jirani, tumefungiwa."

"Tupo njiani," kitasa kilisema juu yake, kwa sauti kubwa zaidi, kikicheka kicheko chake. "Tumekwisha kufika mbali."

"Haya, safari njema." Ndala za jirani zikaondoka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika arobaini. Mkewe aliketi sakafuni na gauni lake zuri, kiganja kimefunika ubavu wa kushoto.

"Ni mimi," Funguo Saba alisema. Alizungumza chini sana, akitazama vidole vyake. "Siku ile mtambo ulipouliza mwenye nyumba ni nani, nikasema hajafika. Akija, mkabidhi. Nilitania tu."

Mama mkwe alichoma sindano kwenye kitambaa, akakiweka kando.

"Kwa hiyo kiti umekiacha wazi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukadhani hakuna apitaye njia."

Alikokota kiti chake cha mbao hadi ukumbini, akakiweka katikati, kati ya ngazi na mlango. Akaketi. Gunia likajisogeza.

"Mwenye nyumba ameshafika?" liliuliza.

"Amefika. Fungua mlango."

Guniani kikatoka kilio cha mkewe, sauti yake halisi ya usiku wa chini ya blanketi: "Kipo titini, mume wangu, kama cha dada. Mama asijue. Nitamwua."

Mkewe alijifunika uso. Funguo Saba aliangalia kifua cha mama mkwe, akingoja moyo usimame.

"Najua," mama alisema. "Tangu mwezi uliopita, alipoanza kunikumbatia kwa ubavu mmoja. Wewe umesikiliza nyumba wiki mbili. Mimi nimemsikiliza huyu miaka arobaini." Akakohoa, na kikohozi chake kweli hakikuwa kama kile cha bafuni. "Nimesema fungua."

Tak.

Mlango ukaachia kiasi cha mkono kupita. Funguo Saba aliusukuma kwa bega, akaubana na mguu wake, akamtoa mkewe nje kwanza. Hewa ya barabarani haikuwa na harufu yoyote. Nyuma yao gunia lilikuwa likipumua, likijaa na kunywea.

"Mama, inuka," alisema, akimnyooshea mkono. "Twende sote, haraka, bado mguu wangu upo hapa."

Mama mkwe alichukua kitambaa chake, akatafuta alipoishia.

"Mwenye nyumba hatoki mgeni akiwa ndani."