Aliyekalia Mkeka wa Pearl

Bakuli lilirudi limeoshwa. Lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, na ndani yake mlitoka harufu ya jiko lililozimwa kwa maji. Olivia aliligeuzageuza, kisha akamtazama Kato, mwendesha bodaboda aliyekuwa akimpelekea binti yake chakula katika wodi ya hospitali.

"Nani ameosha?"

"Mimi najua wapi, maama? Naacha kwa geti, jioni nakuta kwa geti."

Basi hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana wodi ile haikuwa na maji. Bomba lake lilikauka wakati wa vita, na amani nayo ilikuwa na miaka mitatu bila kulikumbuka. Lakini alikuwa na sare za shule za kushona, akaliweka bakuli rafuni.

Olivia alikuwa fundi cherehani pale soko la Gurei, Mganda aliyeifuata amani hadi Juba pamoja na mumewe Gaetano na binti yake Pearl, ambaye Gaetano hakumzaa. Pearl alikuwa na miaka kumi na tisa, na ulimi, kama wasemavyo, hauna mfupa. Jumapili moja tangazo la ndoa lilisomwa kanisani, lake yeye na mzee mmoja mwenye malori. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi sitaki." Gaetano, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, alikaribia kuzirai kwa aibu. Alisema huyo si Pearl, ni jini. Wiki haikuisha wakamwambia msichana anakwenda kupimwa malaria, wakampeleka wodi ya wagonjwa wa akili.

Wodi ilikuwa na sharti moja: kila mgonjwa awe na ndugu wa kukaa naye, ampikie, amwogeshe, alale kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Olivia hakutaka kukaa. Aliogopa kuonwa na watu wa kanisa, na zaidi aliyaogopa macho ya Pearl. Akatandika mkeka mtupu. Christabel, nesi Mkenya, alipouliza nani atakaa na msichana, Olivia alijibu, "Anakuja." Hapakuwa na mtu wa kuja. Tangu siku hiyo akawa anatuma chakula tu.

Wiki ya tatu roho ilimsuta, akaenda mwenyewe saa sita mchana. Christabel alikuwa mlangoni, anakwenda kula.

"Mama Pearl, umesahau kitu? Si umetoka tu saa hii kuchota maji?"

"Mimi? Sista, mimi natoka Gurei sasa hivi."

Christabel alicheka. "Umechoka, mama. Kila siku kumlisha kwa mkono wako! Sijaona mzazi kama wewe." Akaenda zake.

Pearl alikuwa ameketi kitandani, amenenepa, nywele zimesukwa vizuri, mikono mapajani.

"Pearl, umekula?"

"Ndiyo, Mama."

"Una hasira na mimi?"

"Ndiyo, Mama," kwa sauti ile ile laini, kama anayeitikia salamu. Olivia, aliyekuwa ameomba miaka mingi ajaliwe mtoto mtiifu, alirudi nyuma hatua moja.

Kwenye kitanda cha jirani, Nyanut, Mdinka aliyerudi kutoka kambi ya Kakuma na sasa alikuwa akikaa na kaka yake mgonjwa, alimvuta nguo.

"Ya mama," alinong'ona, "wewe ni yule wa kweli? Huyo mwingine hatoki jasho. Sisi wote tunaogopa kusema."

"Mwingine nani?"

"Yule wewe uliita."

"Sikuita mtu! Nilisema tu anakuja."

"Khalas, basi, yeye alisikia. Keti kwa mkeka. Mkeka ikiwa na mwenyewe, yeye hana mahali."

Olivia akaketi, na mkeka ulikuwa wa moto, kama mtu amebanduka hapo sasa hivi, na kabla hajasema neno ile harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji iliingia na kutambaa chini ya vitanda, wagonjwa wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyekuwa akiimba tangu asubuhi, na Nyanut akageukia ukuta, na mlangoni, katika joto lililokuwa likiwayeyusha watu wote, akaingia mwanamke mwenye uso mkavu, amevaa kitenge cha Olivia, ana kovu la sindano la Olivia kwenye kidole gumba, na uso, Mungu wangu, uso ulikuwa wake.

"Twende, mwanangu," kile kitu kilisema kwa upole.

"Pearl, usiende!" Olivia alilia. "Mama yako ni mimi! Nisamehe, nilikudanganya. Haikuwa malaria."

Kwa mara ya kwanza macho ya Pearl yaliwaka, yale macho ya kanisani.

"Najua wewe ni nani," alisema. "Wewe ndiye uliyenileta. Huyu amekaa."

Akaushika mkono mkavu. Olivia alijaribu kuinuka lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, na alibaki hapo akipiga kelele mpaka Christabel aliporudi.

"Lakini Mama Pearl, askari wa geti anasema umemtoa saa hii. Umeweka sahihi."

"Si mimi! Ni yule amevaa uso wangu!"

Maneno ya namna hiyo Christabel aliyasikia kila siku katika wodi ile. Alitayarisha sindano.

Gaetano alifika jioni. Alikuwa amemtafuta Pearl Gurei nzima bila kumwona, na sasa mkewe alikuwa amefungwa kwa kitambaa kwenye kitanda cha binti yake.

"Nani atakaa naye, baba?" Christabel aliuliza.

Gaetano aliutazama mkeka, kisha saa yake. Kwaya ilikuwa ikimngoja.

"Anakuja," alisema.

Kesho yake saa sita mchana harufu ile iliingia. Pearl alisimama mlangoni, nywele zimesukwa, uso mkavu, bakuli linalong'aa mkononi. Aliketi kwenye mkeka kwa adabu.

"Mama, kula."

Olivia alijua. Alijua kabisa.

"Pearl," aliuliza, "una hasira na mimi?"

"Hapana, Mama."

Olivia alilia, kisha akafungua kinywa.