Nyeusi Haionyeshi

Mnamjua Faida, yule Mkongomani anayekaa nyuma ya stesheni ya Fairfield, huku ughaibuni, mwenye kicheko cha kuvuka reli? Siku hizi hacheki. Na kanisani anavaa glavu. Wanawake wananong'ona eti ana ukurutu. Ukurutu wapi! Hawajui lolote, maskini.

Yalianza Jumamosi moja ya Julai, jua linazama, baridi ya huku inauma masikio. Wilondja, mumewe, alimchukua wakachague bastola. Msishtuke, bwana ana leseni. Yeye na wenzake wa bohari kule Ingleburn wana klabu yao ya kulenga shabaha. Muuzaji, mzee Maxwell mwenye ndevu za mbuzi, akalaza mbili juu ya kitambaa.

"Bastola ni ileile," akasema. "Ngozi tu ndiyo tofauti. Hii nyeupe ni stenlesi tupu, chuma kisichoshika kutu upesi. Hii nyeusi imepakwa rangi, ikaokwa. Nyeusi inavumilia jasho. Lakini kutu ikiingia chini ya rangi, hujui mpaka ichubuke. Nyeupe haifichi kitu."

"Chukua nyeupe, Baba Ornella," akasema Faida. "Hiyo nyingine kama sufuria ya mama yako."

"Nyeusi."

"Hujaishika hata!"

"Nimesema nyeusi, Mama Ornella."

Maxwell akacheka. "Kaka, vua glavu kwanza. Bastola haichaguliwi na glavu."

Hizo glavu sasa! Kazini glavu, ndani ya gari glavu. Nyumbani vijiko vya plastiki na mwiko wa mti, eti chuma kinamtia ganzi ya meno. Faida alishazoea. Mume hanywi, hapigi, mshahara analeta. Utamgombeza kwa ajili ya vijiko?

Wilondja akavua. Mkewe akamsogezea ile nyeupe, naye akaishika. Akairudisha mbio, kama aliyeokota kaa la moto.

Kisha harufu... Ya damu. Ya matofali mabichi. Faida akainama kutazama.

Ubavuni mwa bastola kutu ilikuwa inachipuka. Nyekundu. Polepole... Kidole. Kidole cha pili. Cha tatu.

Vinne, na gumba.

Maxwell akajikuna ndevu. "Wapo watu wa hivyo. Jasho lao lina chumvi kali. Wewe chukua nyeusi tu."

Jasho? Faida anasafisha majiko ya maofisi kule mjini, mwaka wa saba huu anasugua sinki za stenlesi. Chuma kile anakijua. Hakishiki kutu kwa jasho la dakika moja.

Ndipo alipomkumbuka mama mkwe wake wa zamani.

Mume wake wa kwanza, babake Ornella hasa, alikuwa Katembo, mchomeaji vyuma kule Uvira. Wenye bunduki walipomtafuta, alijificha ndani ya tanuri la matofali. Siku ya tatu walikwenda moja kwa moja mpaka pale, kama watu walioelekezwa. Mama yake, bibi Léocadie, hakulia. Aliosha maiti, akachovya nyundo ya mwanawe katika maji yale, akainong'oneza:

"Chuma, mwanangu alikulisha jasho lake. Mkono uliomuuza, uukatae."

Na nyuma yake alisimama Wilondja, rafiki wa marehemu, akilia kuliko wote. Ndiye aliyemvusha Faida na mtoto hadi kambi ya wakimbizi. Ndiye aliyemwoa.

Walipofika nyumbani, Faida alitoa mkobani kijiko cha stenlesi anachokulia kazini. Akakiweka mezani.

"Shika."

"Mama Ornella..."

"Shika, nione!"

Wilondja hakunyoosha mkono.

"Walikupa nini?" Faida akanong'ona.

Wilondja akakitazama kijiko. "Nafasi tatu kwenye lori la kwenda kambini. Yangu. Yako. Ya mtoto."

Hakupiga kelele, Faida. Alishika ukingo wa meza tu. Miaka yote hiyo amempikia, amemfulia, amemshukuru mbele ya kanisa zima kwa kumwokoa!

"Usinitazame hivyo," akasema Wilondja, taratibu kabisa. "Mahali alipojificha, nani aliniambia?"

Faida akakaa.

Ni yeye. Alimwamini, akamtuma apeleke ugali na dagaa kule tanurini. Hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Akakichukua kijiko chake akakioshe, angalau mikono ipate kazi. Amekilia miaka, hakijawahi kushika hata doa. Alipofungua bomba, ile harufu ikarudi...

Chini ya gumba lake, pekundu.

Je, ni kwa sababu ya lile neno alilomwambia Wilondja? Au ni kwa kula matunda ya lile lori miaka yote bila kujua? Bibi Léocadie alishakufa. Hakuna wa kuulizwa.

Kibali cha bastola kilitoka baada ya wiki kadhaa. Bastola nyeusi iko ndani ya sefu, chumbani kwao, na Faida halali akiipa mgongo. Ufunguo uko kwa Wilondja. Hawajaligusia tena jambo lile, hata mara moja. Ila kila Jumapili wakitoka kanisani, bwana huitoa, huipeleka dirishani, akaigeuza ubavu huu na huu. Halafu humwangalia mkewe, mikono yao yote minne ndani ya glavu.

"Bado haijachubuka," humwambia.

Halafu huifunga.